Kiwanja cha kwanza na vyumba vya kwanza: pesa ya anayeanza inapopotelea

Anayeanza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba hapa Tanzania hufuata njia inayojulikana. Ananunua kiwanja pembezoni mwa mji (kwa wa Dar es Salaam ni Chanika, Kigamboni, Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo), anajenga vyumba vya kupangisha, kisha anasubiri kodi. Njia yenyewe haina ubaya. Ila hasara kubwa hutokea kabla hata tofali la kwanza halijalazwa, na nyingine hutokea katikati ya ujenzi, pesa inapokata nyumba ikiwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Ndiyo maana sehemu ya kununua hapa chini ni ndefu kuliko zote. Ukikosea fundi unaweza kubomoa ukuta ukajenga upya, lakini kiwanja cha mtu mwingine ukishakilipia huna cha kurekebisha.

Kwanza uliza karatasi, bei baadaye

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina daraja kulingana na karatasi inayoibeba. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ndizo zinazotawala jambo hili. Dalali akikupigia simu kukuambia "kuna kiwanja cha haraka haraka", muulize kina karatasi gani. Atakujibu mojawapo ya haya:

*Hati miliki.* Ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia ilianza lini, maana hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebakiza miaka michache tu. Soma pia matumizi yaliyoandikwa (makazi, biashara, makazi na biashara) na muda uliowekwa wa kuendeleza. Mwenye hati ambaye hajajenga na hajalipa kodi ya pango la ardhi (malipo ya kila mwaka kwa serikali) kwa miaka anaweza kufutiwa miliki, na deni lake litakungoja wewe ukienda kuhamisha.

*Barua ya toleo.* Mamlaka imekubali kumpa mtu kiwanja kwa masharti, yakiwemo malipo. Omba risiti za malipo hayo. Kama hakulipa kwa wakati, toleo linaweza kuwa limeshakufa bila yeye kukuambia.

*Kimepimwa, hati bado.* Kina namba ya kiwanja na kitalu, na ramani ya upimaji imeidhinishwa. Kampuni nyingi zinazouza viwanja kwa awamu huuza cha aina hii.

*Leseni ya makazi.* Hutolewa kwenye maeneo ya mjini ambayo hayajapangwa. Ni ya muda mfupi na inabidi kuihuisha.

*Hati ya hakimiliki ya kimila.* Hii ni ya ardhi ya kijiji.

*Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa.* Hii inathibitisha kwamba watu wawili waliuziana mbele ya mashahidi, basi. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Kwenye maeneo ambayo hayajapimwa ndiyo karatasi pekee iliyopo, na watu wengi wameishi nayo kwa amani, lakini bei yake lazima ilingane na hatari yake. Usilipe bei ya kiwanja chenye hati kwa karatasi ya mtaa.

Kuhusu vijiji, shika jambo moja. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kukugawia ardhi kwa sahihi yake peke yake. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Ukiambiwa "mwenyekiti ameshamaliza kila kitu", omba muhtasari wa mkutano huo wenye mahudhurio. Ekari nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa kandokando ya miji zinaangukia hapa, na mgogoro huanza uongozi wa kijiji unapobadilika.

Upekuzi kabla ya pesa

Kama kuna hati, chukua nakala yake nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ukaombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Ni fomu na ada, na jibu hutoka kwa maandishi. Litakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, amri ya mahakama, au pingamizi lililowekwa na mtu mwingine. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza, herufi kwa herufi. Usikubali upekuzi alioufanya muuzaji mwezi uliopita, maana rehani husajiliwa kwa siku moja.

Baada ya hapo nenda halmashauri, idara ya ardhi na mipango miji, ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, ukaombe kuona mchoro wa mipango miji. Hapa ndipo wengi hawafiki. Kiwanja kinaweza kuwepo uwandani, kina bikoni nne (alama za mipaka zilizowekwa na mpima), kina na miti ya michongoma, lakini kwenye mchoro ni eneo la wazi, shule, makaburi au barabara. Hilo ndilo linalozaa ile hadithi ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili, mmoja ana karatasi ya mtaa, mwingine amemilikishwa na halmashauri.

Pima pia umbali na vitu ambavyo sheria imeviwekea mpaka. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na zipo barabara zenye hifadhi pana zaidi ya hiyo. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi, zikiwemo zilizokuwa na wapangaji na maduka. Kwa mto, ziwa na bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa nguzo kubwa za umeme na mabomba makuu, uliza TANESCO na mamlaka ya maji moja kwa moja. Usimuulize jirani.

Hatua si mita

Hili linaonekana dogo lakini linakula pesa nyingi, kwa hiyo tulipigie hesabu. Maeneo ambayo hayajapimwa, viwanja huuzwa kwa hatua, "ishirini kwa ishirini". Mnunuzi anasikia mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Hatua ya mtu wa kawaida anayetembea ni kama sentimita 75 hadi 80. Hatua 20 za sentimita 80 ni mita 16, na 16 mara 16 ni mita za mraba 256. Umelipia 400 ukapata 256, pungufu ya zaidi ya theluthi moja, na hakuna aliyekudanganya kwa maneno.

Kwenye ekari ndiyo zaidi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kama mita 63.6 kila upande. Mtaani ekari ni "sabini kwa sabini", na hesabu hiyo inakaribia ukweli ikiwa kila hatua ni sentimita 90 hivi. Anayehesabu kwa hatua fupi za sentimita 75 anakupa mita 52.5 kwa 52.5, sawa na mita za mraba 2,756. Ukiikata ekari hiyo viwanja vya 20 kwa 20 uviuze, hesabu yako ya viwanja vinane baada ya kutoa barabara inaishia vitano au sita.

Dawa yake ni futi kamba ya mita 50 na jirani wa kila upande awepo mnapovuta. Pima pande zote nne na mshazari mmoja au miwili, kwa sababu kiwanja kilichopinda kinaweza kuwa na pande nzuri na eneo dogo. Kwa kiwanja kilichopimwa, lipa mpima ardhi aliyesajiliwa aje na kifaa aonyeshe bikoni, halafu alinganishe namba zilizochorwa kwenye bikoni na zile za ramani ya upimaji. Bikoni huhamishwa. Nyingine hung'olewa na matrekta ya kusafisha shamba na kurudishwa kwa kukadiria.

Mpima akiwa pale, tumia muda huo kuongea na majirani, mmoja mmoja, muuzaji akiwa mbali. Waulize maswali matatu: nani alikuwa analima hapa kabla, kuna kesi au ugomvi wa familia, na maji ya masika yanapita wapi. La tatu likague mwenyewe. Njoo kati ya Machi na Mei, siku mbili baada ya mvua kubwa. Chimba shimo la mita moja na nusu. Likijaa maji, karo la choo litafurika kila masika, na wapangaji wako watahama mwezi huo huo. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi nao ni wa kuogopa kwa anayeanza, kwa kuwa hujaa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na ukuta juu ya msingi wa kawaida hupasuka. Unajengeka, lakini msingi wake unahitaji mhandisi na nondo nyingi kuliko bajeti ya mwanzo.

Nani ana haki ya kuuza

Jina kwenye hati likishalingana, bado kuna watu wawili wa kuwatafuta.

Wa kwanza ni mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Mke au mume asaini ridhaa mbele ya wakili. Anayesema hajaoa wala kuolewa aape kwa maandishi. Muuzaji akianza kusema "mke wangu hana shida, yuko kijijini", ahirisha malipo hadi mke huyo apatikane.

Wa pili ni marehemu. Viwanja vingi vya bei nzuri ni vya urithi. Mtoto mkubwa, hata akiwa na hati ya baba mkononi na barua ya ukoo, hawezi kukuuzia mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, mwambie akuonyeshe karatasi ya uteuzi huo, Fomu Na. 4, kisha nenda na namba ya shauri ukathibitishe mahakamani kwamba ipo na usimamizi bado haujafungwa. Hata hapo, warithi wote watu wazima wasaini kukubali mauzo. Msimamizi akiuza kimya kimya, ndugu zake watakushtaki wewe uliyeko kwenye kiwanja.

Aliyeko nje ya nchi na anatuma pesa kwa ndugu ana hatari ya ziada. Kiwanja kikiandikwa jina la ndugu "kwa muda", kisheria ni cha ndugu, na akifariki kinaingia kwenye mirathi yake. Mtanzania aliyeko Muscat au London anaweza kununua kwa jina lake akitumia hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja chenyewe na mipaka ya anachoruhusiwa wakala. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine aanze kwa wakili, kwa sababu masharti ya ardhi kwa asiye raia ni tofauti kabisa.

Mkataba na malipo

Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili uliyemchagua wewe, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Uwe na: majina na namba za NIDA, picha, maelezo ya kiwanja (namba, kitalu, vipimo, majirani wa pande nne), bei kwa tarakimu na kwa maneno, ratiba ya malipo, nani analipa kodi ipi, tarehe ya kukabidhiwa, na kifungu cha kurudishiwa pesa pamoja na gharama endapo miliki itakuwa na kasoro. Kama hakijapimwa, chora ramani ndogo nyuma ya mkataba, kila jirani asaini upande wake.

Lipa benki, akaunti yenye jina la muuzaji. Bakiza sehemu ya bei, asilimia 10 hadi 20, mpaka nyaraka za uhamisho zisainiwe zote. Muuzaji akishachukua yote huwa vigumu kumpata asaini hata fomu moja.

Dalali huchukua asilimia ya bei, na hilo ni la kukubaliana mapema na kuandika nani anamlipa. Ofisi nyingi za mitaa nazo huomba asilimia 10 ya mauzo. Ni mazoea tu, na viongozi wa serikali wamelikemea mara nyingi. Omba kuonyeshwa kanuni na risiti ya serikali kabla ya kutoa chochote.

Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho unapita kwenye Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini iliyoandaliwa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na serikali, kisha TRA. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, kama asilimia 1, na ada za usajili. Msajili hatasajili bila uthibitisho wa kodi. Weka gharama hizi zote pembeni kabla hujapatana bei. Anayeanza huishiwa hapa, akabaki miaka na hati yenye jina la mtu aliyemuuzia.

Muuzaji atakushawishi muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Kataa. Mthamini atakadiria thamani yake hata hivyo. Kesho mauzo yakibatilishwa, mahakama itakurudishia kilichoandikwa. Na siku utakapouza wewe, gharama yako ya kununua itaonekana ndogo, faida itaonekana kubwa, na ile asilimia 10 itakuwa juu yako.

Kwa kampuni zinazouza kwa awamu, ongeza maswali matatu: hati ya shamba lote iko kwa jina la nani, ramani ya kugawa viwanja imeidhinishwa au imepelekwa tu, na mwenye shamba ameshalipwa? Kampuni nyingi hulipa mwenye shamba kwa pesa za wateja. Mauzo yakizorota, mwenye shamba anarudi shambani na wewe umeshalipa awamu nane. Soma pia kifungu cha kuchelewa. Kipo kinachosema ukiruka miezi miwili unapoteza vyote.

Ukishamiliki, kitumie. Simika nguzo, panda miti mpakani, lipa kodi ya ardhi kila mwaka, tembelea. Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 kufungua shauri la kuidai. Kiwanja kilichotelekezwa muda wote huo huku mtu amejenga na anaishi ni kesi ngumu hata ukiwa na karatasi.

Hesabu ya vyumba kabla ya ramani

Kabla hujamwita mchoraji, zunguka mtaa huo huo ukauliza vyumba kumi vilivyo wazi au vilivyopangishwa karibuni: kodi iliyolipwa kweli, miezi mingapi kwa mkupuo, chumba kilikaa wazi muda gani, choo ndani au cha kushea, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Bei ya dalali ni ya kutangazia. Unayoitaka ni ile mpangaji aliyotoa.

Tuseme unajenga vyumba sita vya masta (choo na bafu ndani), kila kimoja Sh 80,000 kwa mwezi, na jumla ya kiwanja na ujenzi ni Sh milioni 55. Kwenye karatasi ni Sh 480,000 kwa mwezi, Sh 5,760,000 kwa mwaka, na mtu anasema pesa itarudi ndani ya miaka tisa na nusu. Sasa toa mwezi mmoja wa kukaa wazi kwa kila chumba: inabaki 5,280,000. Toa ukarabati wa 500,000 kwa mwaka (rangi, vitasa, bomba, kunyonya karo). Toa kodi ya serikali juu ya pango, asilimia 10, kama 528,000. Imebaki kama Sh 4,250,000. Hiyo ni asilimia 7.7 ya mtaji, na pesa itarudi karibu mwaka wa 13, bila kuhesabu miaka ya ujenzi ambayo haikuingiza chochote. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 bila mpangaji wala karo. Faida ya nyumba kwa hiyo iko kwenye kupanda kwa thamani ya ardhi na kwa kodi yenyewe miaka inavyokwenda, na hiyo hutegemea umechagua wapi. Chumba kilicho dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha daladala, karibu na chuo, hospitali au viwanda, hakikai wazi. Kilichoko kilomita tatu ndani kwa bodaboda hukaa wazi hata kikiwa na vigae vya kupendeza.

Mkopo nao uupime hivyo hivyo. Sh milioni 30 kwa riba ya asilimia 17, miaka mitano, marejesho ni kama Sh 745,000 kwa mwezi. Vyumba sita vikijaa vyote vinaleta 480,000. Tofauti ya Sh 265,000 inatoka kwenye mshahara wako kila mwezi kwa miaka mitano, na marejesho yanaanza vyumba vikiwa bado havijapauliwa. Kwa anayeanza, mkopo wa muda mfupi wa kujenga vyumba vya kupangisha ni njia ya uhakika ya kuuza kiwanja kwa hasara.

Usijenge pagala

Pembezoni mwa miji yetu mapagala ni mengi kuliko nyumba zinazomalizika haraka, na sababu ni moja: mtu alianza msingi wa ukubwa wa ndoto yake. Boma lililopauliwa ni kama nusu tu ya safari. Madirisha, milango, plasta, umeme, mabomba, dari, sakafu, rangi na karo hula nusu nyingine, na ndivyo vinavyomfanya mpangaji alipe.

Ushauri wetu ni kugawa mradi vipande viwili vyenye msingi na paa lake kila kimoja. Jenga vyumba vitatu, vimalize kabisa, vipangishe, ndipo uanze vitatu vya pili. Gharama kwa chumba itapanda kidogo, lakini kodi inaanza kuingia mapema, na ukikwama una vyumba vitatu vinavyolipa badala ya kuta sita zenye nyasi ndani. Kibali cha ujenzi kiombwe kwa mchoro wote tangu mwanzo. Kuanza bila kibali kunakuwekea alama ya X ukutani na faini.

Matofali ndiyo mahali pa kwanza pa kuibiwa ubora. Mfuko mmoja wa sementi wa kilo 50 utoe tofali za inchi sita kati ya 25 na 30. Wauzaji wengine huvuta hadi 40 na zaidi, na ndiyo maana ni za bei rahisi. Liangushe tofali kutoka usawa wa kiuno kwenye mchanga: likimeguka vipande, acha. Kama una nafasi na maji, fyatulia kiwanjani na uzimwagilie siku saba kivulini. Za kusimamisha hutumika kama 9 hadi 10 kwa mita ya mraba ya ukuta, za kulaza kama 13, kwa hiyo ukimkubalia fundi alaze wakati uliagiza hesabu ya kusimamisha, utapungukiwa kwa robo hivi. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake inakula nondo, na zege la lenta linapasuka baada ya miaka michache. Kwa bati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, usidanganywe na ukubwa wa namba.

Vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua: msingi, boma, lenta, kupaua, plasta. Asilipwe hatua hadi umeikagua kwa macho au kwa mtu asiye rafiki yake. Andika mifuko iliyoingia na iliyotumika kila siku. Karo likae mbali na kisima, angalau mita 30.

Wapangaji

Mkataba wa pango uwe wa maandishi hata kwa chumba kimoja: kodi, muda, notisi, idadi ya wanaoishi, hali ya chumba siku ya kuingia pamoja na picha. Weka mita ndogo ya umeme kwa kila chumba tangu wakati wa kutandaza waya. Ugomvi wa LUKU ya kuchangia unafukuza wapangaji wazuri kuliko kodi kubwa. Kumbuka pia kwamba kodi ya majengo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kupitia LUKU, na mdaiwa ni mwenye nyumba. Mrudishie aliyenunua umeme au ipunguze kwenye kodi yake, muandikiane. Mpangaji anayefanya biashara, mfano mwenye duka kwenye fremu yako, anatakiwa kukuzuilia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA. Mdai cheti cha kodi hiyo aliyoizuia, usije ukatozwa mara mbili.

Asiyelipa usimfungie mlango, usimkatie umeme, usimwezulie bati. Kufanya hivyo kunakugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Mpe notisi ya maandishi kwa muda uliomo kwenye mkataba na ubaki na nakala aliyosaini au aliyoshuhudia mjumbe. Akikaa kimya, anza kwa usuluhishi Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na halitoi hukumu. Likishindikana, chukua cheti chake cha kushindikana kwa usuluhishi, mkataba, notisi na rekodi za malipo, ufungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.